Mimba ikiharibika: mkunga wa kituo cha karibu anafundishwa nini?

Kutoka Nungwi au Kizimkazi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa kilomita 50 au zaidi. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi huenda asiweze kusubiri safari hiyo. Nchi nyingine huduma hii ya kwanza hutolewa na daktari wa familia. Kwetu Unguja, vijijini, hutolewa na mkunga, muuguzi au daktari msaidizi wa kituo cha afya. Ndiyo maana mafunzo yao yanatuhusu sote.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Zanzibar inakataza kutoa mimba, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeshaharibika ni huduma halali, hata iwe iliharibika kwa sababu gani.

Wanafundishwa nini?
Kwanza, kuzuia damu, kutibu maambukizi na kujua nani apelekwe hospitali kubwa. Pili, kusafisha kizazi kwa dawa au kwa pampu ya mkono. Shirika la Afya Duniani linapendekeza pampu badala ya kukwangua, kwa sababu ni salama zaidi. Haihitaji kumlaza mgonjwa usingizi, na mkunga aliyefundishwa anaweza kuitumia mimba ikiwa changa.

Tatu, kumpokea mgonjwa bila kumhukumu na kutunza siri yake. Anayeogopa kusemwa huchelewa kuja, na kuchelewa kunaua.

Kwa nini uzazi wa mpango siku hiyo hiyo?
Mimba changa ikiharibika, mwanamke anaweza kushika nyingine ndani ya wiki mbili tu, kabla hata hajaona siku zake. Wataalamu wanashauri kupumzika angalau miezi 6. Kwa hiyo kabla hajaondoka huelezwa njia zilizopo: vidonge, sindano ya miezi 3, vijiti vya miaka 3 hadi 5, au kitanzi cha miaka 10. Kuchagua, au kukataa, ni hiari yake.

Dalili za hatari
Nendeni kituoni mara moja mkiona:
- damu inayojaza pedi mbili kwa saa moja;
- homa, au uchafu wenye harufu mbaya;
- maumivu makali ya tumbo;
- kizunguzungu au kuzimia.

Mume, mama mkwe au jirani, ukiziona dalili hizi tafuta gari kwanza. Maswali yatasubiri.