Mlango Mmoja wa Watu Wote

Wengi wetu tumeitumia proksi bila kuijua jina. Kwenye kituo cha kompyuta mko watu 20, intaneti inaingia kwa laini moja, na katikati kuna programu inayopokea maombi ya kila mtu, inakwenda kuyachukulia mtandaoni, halafu inabaki na nakala. Mwingine akitaka ukurasa uleule, anapewa ile nakala. Bando linapona.

Moja ya programu kongwe za kazi hii ni Squid. Ilitoka Marekani mwaka 1996, ikiwa imechipuka kwenye mradi wa utafiti ulioitwa Harvest, na aliyeiongoza ni Duane Wessels. Mwanzoni ilisaidiwa na fedha za serikali za utafiti. Fedha zilipokwisha, wakabaki watu wa kujitolea. Ni ya bure, basi ikaenea dunia nzima.

Sasa, faida yake ndiyo hatari yake: wote mnapita mlango mmoja. Mtu akitaka kuwanyima huduma, anaweza kuimwagia maombi mpaka izidiwe. Lakini iko njia nyepesi zaidi, yaani kuitumia ujumbe mmoja tu ulioandikwa kwa hila. Programu inakutana na kitu isichokitegemea, inajizima yenyewe. Hakuna kilichoibwa, hakuna nenosiri lililovuja, ila wote 20 mmekatika. Wako wanaoliona hilo jambo dogo kuliko wizi wa data. Sisi hatukubali. Muulize aliyekuwa anajaza fomu ya chuo siku ya mwisho.

Mwaka 2021 mtafiti Joshua Rogers aliikagua Squid kwa undani na kupata kasoro 55, nyingi zikiwa za namna hii ya kuiangusha. Alipozitangaza Oktoba 2023, 35 zilikuwa bado hazijazibwa. Hakuwalaumu wasimamizi, alisema wazi kwamba hawana watu wa kutosha. Programu inabeba mamilioni ya watumiaji, mafundi wake wa kuhesabika.

Kasoro iliyotushangaza zaidi mwaka huo ilihusu Gopher. Hiyo ni njia ya kusoma habari mtandaoni iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ikafunikwa na wavuti miaka michache tu baadaye. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Lakini ndani ya Squid ile sehemu ya Gopher ilibaki, tena imewashwa, miaka yote hiyo. Jibu moja baya kutoka seva ya Gopher, hata lisilo na nia mbaya, lingeweza kuizima proksi nzima.

Mafundi hawakuhangaika kuweka kiraka. Toleo la 6.0.1 likaondoa Gopher yote. Kwa vituo vyenye toleo la zamani, ushauri wao ulikuwa mfupi: kataeni kila ombi la Gopher kwenye mipangilio, mpaka mtakapoweza kusasisha.