Kazi ikipotea, usingizi usipotee nayo

NI saa tisa za usiku katika chumba kimoja cha kupangisha mtaani Kayole, Nairobi. Watoto wamelala na mama yao amelala. Baba yu macho akihesabu: kodi ya nyumba, karo, deni la dukani, mkopo wa simu. Ni mwezi wa tatu tangu alipoambiwa asirudi kiwandani. Saa kumi na moja alfajiri makanga wa matatu ya kwanza ataanza kuita abiria wa mjini, na hapo ndipo baba huyu asiye na safari atakaposinzia. Ataamka saa nne akiwa amechoka kuliko alivyolala.

Hali hii inafahamika vyema katika mitaa ya Eastlands, ingawa wenye kuipitia huificha. Wengi huamini kwamba usingizi utarudi wenyewe siku watakapopata kazi nyingine. Wataalamu wa usingizi wanatufundisha jambo tofauti: kinachomkosesha mtu usingizi usiku wa kwanza sicho kinachomkosesha usiku wa mia moja. Kwa hivyo, msomaji, usingizi waweza kutibiwa hata kabla ya kazi kupatikana, na aliyelala vyema huitafuta kazi hiyo kwa akili iliyotulia.

Mitaa iliyozaliwa na kazi

Sehemu kubwa ya Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Makongeni ilikuwa makao ya wafanyakazi wa reli. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika walioajiriwa mjini. Buruburu na Umoja za miaka ya 1970 ziliwalenga watu wenye mshahara wa kila mwezi. Hata leo, maelfu hutoka alfajiri wakifuata Barabara ya Jogoo au njia za miguu kuelekea Eneo la Viwandani, wengine wakiwa vibarua wasiojua kama watachukuliwa langoni.

Katika mazingira kama haya, anayepoteza kazi hupoteza pia nafasi yake katika msafara wa asubuhi, nao majirani huona. Mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipobisha hodi, takwimu za serikali zilionyesha kwamba idadi ya watu wenye kazi nchini, bila kuhesabu wakulima wadogo na wafugaji, ilishuka kutoka takriban milioni 18.1 hadi milioni 17.4. Aliyepoteza kazi, basi, asidhani kwamba yu peke yake wala kwamba amelaaniwa.

Kazi hutoa nini zaidi ya mshahara?

Swali hili lilichunguzwa zamani katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa na karibu kijiji kizima kikakosa ajira. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha matokeo yao mwaka 1933. Waligundua kwamba wanaume waliokosa kazi walitembea polepole na kusimama njiani mara kwa mara, kana kwamba saa zimepoteza maana. Wanawake, ambao bado walikuwa na shughuli za nyumbani, walitembea kwa kasi zaidi. La kushangaza ni kwamba vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua, ilhali watu walikuwa na nafasi tele ya kusoma.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu mambo matano mbali na pesa: mpangilio wa siku, kukutana na watu nje ya familia, lengo la pamoja, heshima, na shughuli ya kufanya. Mambo haya yakiondoka kwa mpigo, mwili wenyewe husahau mchana ni upi na usiku ni upi.

Hatua ya kwanza, kwa hivyo, ni kuirudishia siku mpangilio wake. Amka saa ile ile uliyokuwa ukiamka ukienda kazini. Oga, vaa na utoke nje upate mwanga wa asubuhi, kwani mwanga huo ndio unaorekebisha saa ya mwili. Tenga saa za kutafuta kazi na saa za kupumzika. Kama nyumbani ni finyu, Eastlands ina maktaba za umma, zikiwemo ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan. Mtu aweza kwenda huko kuandika barua zake za maombi akiwa kati ya watu.

Jinsi wasiwasi unavyogeuka mazoea

Mwaka 1987, mwanasaikolojia Mmarekani Arthur Spielman alieleza kwamba tatizo la usingizi hujengwa kwa mafungu matatu: maumbile ya mtu, tukio linaloanzisha tatizo, na tabia zinazoliendeleza. Tukio ni kama barua ya kufutwa kazi. Tabia ni zile tunazojitafutia kama dawa: kulala mchana ili kufidia usiku, kuingia kitandani mapema ili kuusubiri usingizi, kukaa kitandani na simu, kutafuna miraa au muguka ili mchana upite, na kunywa pombe ili usiku upite.

Madaktari huhesabu kwamba kukosa usingizi kumekuwa ugonjwa sugu pale mtu anapotatizika angalau siku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, hali akiwa na nafasi ya kulala. Mwaka 2016, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba watu wazima wenye tatizo hilo watibiwe kwanza kwa kubadilisha tabia na fikra kuhusu usingizi, kabla ya kupewa vidonge. Nguzo za tiba hiyo ni hizi:

Kwanza, kitanda kiwe cha kulala. Kanuni hii ilitungwa na Richard Bootzin mwaka 1972. Ukikaa macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, inuka, uketi mahali pengine penye mwanga hafifu, na urudi kitandani usingizi unapokuja. Usitazame saa wala simu. Anayeishi katika chumba kimoja atauliza: niende wapi, nami kitanda ndicho kiti na sebule? Kigoda karibu na mlango au mkeka sakafuni watosha. Mchana, tandika kitanda vizuri na ukatae kukikalia. Linalotakikana ni mwili ujifunze kwamba godoro ni mahali pa usingizi na si uwanja wa hesabu za madeni.

Pili, punguza muda wa kukaa kitandani. Anayekaa kitandani saa 9 lakini akalala 6 tu, na aingie kitandani saa sita za usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata Jumapili. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu. Usingizi unapoanza kujaza muda huo, aongeze robo saa kila wiki. Asipunguze chini ya saa 5. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, na anayeendesha bodaboda, gari au mtambo asijaribu mbinu hii bila ushauri wa daktari, kwa sababu siku za mwanzo huleta usingizi mwingi mchana.

Tatu, chunga vinavyoingia mwilini. Chai ya rangi na kahawa ziishe adhuhuri. Miraa na muguka huamsha mwili kwa saa nyingi. Pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku wa manane. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila idhini ya daktari vyaweza kumfanya mtu ashindwe kulala bila hivyo.

Kuhusu kelele za baa na mikutano ya usiku, mkazi ana pa kulalamikia. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaipa Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA) uwezo wa kuchukua hatua. Malalamiko yanayowasilishwa na majirani kwa pamoja huwa na uzito zaidi.

Kufikiri kupita kiasi

Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi husema mtu ana mawazo. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha jijini Harare mpango wa kuwafunza wanawake wazee kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanawake 421 wa Dagoretti ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii wasio madaktari waliweza kupunguza msongo wa mawazo kwa vikao 5 vya namna hiyo.

Mbinu hii waweza kuianza nyumbani. Kila siku kabla ya magharibi, andika wasiwasi wako kwenye daftari. Upande mmoja weka yale unayoweza kuyafanyia jambo, upande wa pili yale yasiyo mikononi mwako. Chagua moja la upande wa kwanza, uandike hatua ya kesho asubuhi, kisha ufunge daftari. Wazo likija usiku, lijibu kwamba limekwisha kuandikwa.

Jua haki zako

Wasiwasi mwingi hutokana na kutojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa ilani ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa leba, kulipa siku za likizo zilizobaki, na kulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Anayeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni ana haki ya kusikilizwa akiwa na mwenzake kabla ya kufutwa. Kila aliyehudumu zaidi ya wiki 4 anastahili cheti cha utumishi.

Kibarua naye asijidharau. Aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena na sheria kuwa kibarua wa siku. Malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa katika muda wa miezi 3 tangu kufutwa, nayo kesi mahakamani hufunguliwa kabla ya miaka 3 kuisha.

Kuhusu madeni, mwendee mwenye nyumba kabla hajakujia, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa na tarehe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha mdaiwa au kuwapigia simu watu walio katika orodha yake ya mawasiliano ili kumwaibisha. Usikope kwa huyu ili kumlipa yule.

Usifiche nyumbani

Wapo wanaotoka kila asubuhi na mkoba kana kwamba wanaenda kazini, wakashinda mjini, wakarudi jioni. Siri hii ni mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza. Mwambie mwenzio mapema, tena mchana, wala si usiku mkiwa kitandani. Watoto waelezwe kwa maneno machache kwamba fedha zimepungua ila wazazi wapo. Kama uko katika chama, eleza wenzako kabla ya siku ya mchango. Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda hospitalini iwapo huzuni imedumu zaidi ya wiki 2, hamu ya chakula au ya watu imekwisha, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Wakazi wa Eastlands wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Hospitali ya Mathari, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka 1910, hupokea wenye matatizo mazito zaidi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mwajiri hujilipia mchango mwenyewe, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi.

Mawazo ya kujitoa uhai ni dharura. Mwambie mtu saa hiyo hiyo, usibaki peke yako. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na Befrienders Kenya pia husikiliza wenye dhiki. Asiogope mtu kwamba atashtakiwa: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Baba wa Kayole hawezi kuamua ni lini kiwanda kitamwita tena. Anaweza kuamua kwamba kesho ataamka saa kumi na mbili, atatandika kitanda, atatoka nje, na jioni ataandika hesabu zake kabla giza halijaingia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi naye sharti alale ili kesho aishike nyundo.