Ramani ya Kampuni ya Meli

Msomaji wangu, kabla hujaendelea, twaa ramani ya Afrika ya Mashariki uitandaze mbele yako. Tia kidole chako Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ukipandishe polepole kufuata pwani: Mombasa, Malindi, Lamu. Kisha kirudishe Mombasa ukipeleke bara: Machakos, Dagoretti, Mumias, hata Kampala katika nchi ya Uganda. Mahali hapo pote palipata kuwa vituo vya kampuni moja, na mizizi ya kampuni hiyo ilikuwa katika meli. Sasa itafute Kipsing, magharibi ya mji wa Isiolo. Yamkini hutaiona, maana ramani nyingi haziitaji. Kidole chako hakikupita hata jirani yake.

Mimi nafundisha Kipsing. Maji yetu huchimbwa katika mchanga wa laga, yakabebwa na punda, na mtoto huijua mbuzi kabla hajaijua kalamu. Siku moja nilipokuwa nikisomesha habari za kampuni hiyo, msichana mmoja alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, meli na sisi, wapi na wapi?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Katika chuo cha ualimu nilikuwa nimekariri vituo hivyo kwa mfuatano, kama mtu anayekariri majina ya wajomba zake asiopata kuwaona, na sikujiuliza kamwe kwa nini vilikuwa hapo na si pengine.

Basi tuanze mbali kidogo. William Mackinnon alikuwa Mskoti aliyefanya biashara Calcutta, katika Bara Hindi. Mwaka 1856 yeye na wenzake waliunda kampuni ya meli za moshi za kuchukua barua za serikali kati ya Calcutta na Burma, na mwaka 1862 kampuni hiyo ikaitwa British India. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya bahari kati ya Ulaya na pande zetu ilifupika sana, na mwaka 1872 meli za Mackinnon zikaanza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden.

Jambo hilo lilibadili mengi. Majahazi yalikuwa yakija kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha hakuwa na neno ila kungoja. Meli ya moshi haingoji upepo, walakini haiwezi kukaa bandarini siku nyingi, kwa kuwa kila siku inayolala ni hasara. Kwa hiyo lazima pawe na mtu nchi kavu wa kuwakusanya abiria mapema, kuipanga shehena ufukoni na kuitunza akiba ya makaa ya mawe. Mtu huyo ndiye wakala. Unguja kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Smith, Mackenzie na Wenzake, iliyoanzishwa mwaka 1877. Kwa hiyo uonapo nukta za kampuni za meli katika ramani ya pwani, ujue kwamba kila nukta ni ghala, daftari na karani. Wala wageni hawakuzibuni bandari hizo. Mombasa, Malindi na Lamu zilikuwa zikipokea vyombo karne nyingi kabla moshi haujaonekana baharini.

Kutoka biashara ya wakala kuelekea utawala palikuwa na hatua fupi kuliko mtu angedhani. Mnamo tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash wa Unguja alimpa Mackinnon na wenzake idhini ya kuitawala pwani kwa jina la Sultani, tangu mto Umba hata Kipini, na kutoza ushuru. Tarehe 3 Septemba 1888 malkia wa Uingereza akawapa hati, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ikasimama rasmi, Mackinnon akiwa kiongozi wake. Mwenye meli sasa alikuwa na bendera yake, askari wake na mahakimu wake.

Huko bara hapakuwa na meli, na hapa ndipo pa kufanya hesabu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kiasi cha ratli 60 au 70. Tani moja ya Kiingereza ni ratli 2,240. Gawanya mwenyewe: shehena ambayo baharini ni kitu kidogo mno ilitaka, juu ya nchi kavu, watu zaidi ya 30, na watu hao hula kila siku. Kwa sababu hiyo vituo vya bara vilifuata maji na chakula. Machakos pakafunguliwa mwaka 1889 katika nchi ya Wakamba, wakulima na wasafiri mashuhuri. Mumias palikuwa tayari pametuliwa na misafara ya Waswahili na Waarabu. Kampuni ilizikalia tu njia walizozipasua wengine.

Dagoretti yataka tukae kidogo. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga ngome pale, baada ya kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya vyakula vingi vya mashamba yale. Lugard alipokwisha kwenda zake Uganda, watu wa kampuni wakaanza kujitwalia chakula bila malipo, ugomvi ukazuka, na ngome ikaachwa. Mwaka 1891 ikajengwa nyingine karibu yake, Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa. Akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Huyo ndiye mtu aliyewakaribisha wageni. Wanafunzi wangu walipoisikia habari hiyo, baadhi yao waliacha kusikitika kwamba kampuni haikufika kwetu, nami sikuwalaumu.

Je, haikujaribu kuja kaskazini? Ilijaribu, tena kwa chombo. Kampuni ilikuwa na meli ndogo ya mtoni iliyoitwa Kenia, na mwaka 1891 Kamanda Dundas aliupanda nayo mto Tana mpaka Hameye, mwisho wa maji yanayopitika. Mwaka uliofuata akaupanda mto Juba hata Bardera. Mwaka 1892 pia Mmarekani mmoja, William Astor Chanler, aliweka kambi Hameye akaja mpaka Ewaso Nyiro, akaufuata mto huo kuelekea mashariki akitumaini kuona ziwa la Lorian alilosikia habari zake. Alikuta kinamasi. Ewaso Nyiro haufiki baharini, hunywewa na nchi kabla ya kufika. Mto kama huo haumfai mwenye meli hata kidogo. Watu wa hapa walijua hayo tangu zamani, lakini hakuna aliyewauliza.

Kampuni yenyewe haikuishi sana. Gharama zilizidi mapato, Uganda ikaachwa mwaka 1893, na mwaka huohuo Mackinnon akafa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi na kampuni ikalipwa paundi 250,000. Katika hizo, paundi 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Unguja. Fikiri, msomaji: mwenye nyumba alilipishwa ili mpangaji wake ahame! Lakini nukta zilibaki. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilishika uelekeo wa misafara ya kampuni, na meli iliyoshushwa katika Ziwa Viktoria mwaka 1900 iliitwa William Mackinnon. Hata leo, upitapo kati ya Mombasa na Voi, utauona mji wa Mackinnon Road, jina la njia ya magari ya ng'ombe iliyokusudiwa na kampuni.

Upande wetu ulifungwa. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu serikali kuzuia watu wasiingie katika wilaya za mbali bila idhini, na kaskazini ikawekwa chini ya sheria za namna hiyo kwa miaka mingi ya ukoloni. Bidhaa zetu zilikuwa mifugo, nayo ilizuiwa mara kwa mara kwa karantini. Mwaka 2012 kazi ya bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa, gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, na mpango wake ni barabara na reli zitakazopita Garissa na Isiolo.

Baada ya somo niliwagawia wanafunzi karatasi tupu, nikawaambia wachore ramani na kutia vituo ambavyo wao wangevichagua kama kampuni ingekuwa yao. Karibu wote walianza na visima vya laga, kisha soko la mifugo la Oldonyiro, kisha Isiolo. Yule msichana alitia Lamu pembeni kabisa mwa karatasi yake, akavuta mstari mpaka visimani, akaniuliza ni siku ngapi kwa punda. Tukatwaa rula.