Umetaboli wa nishati katika tishu

Umetaboli wa nishati katika tishu ni jinsi tishu za mwili zinavyotumia, kuhifadhi na kugawana virutubishi ili kupata nguvu. Vyanzo vikuu ni glukosi, asidi za mafuta na, wakati wa njaa, ketoni.

## Baada ya kula

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano Ujiji mkoani Kigoma, watu hula ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka iliyoungwa kwa mawese. Wanga wa muhogo humeng'enywa kuwa glukosi, na mawese hutoa asidi za mafuta. Glukosi ikiongezeka katika damu, kongosho hutoa insulini. Homoni hiyo huwezesha misuli na tishu za mafuta kuchukua glukosi, na huchochea ini kuihifadhi kama glikojeni.

## Tofauti za tishu

* Ubongo ni takriban 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya nishati mtu akiwa amepumzika. Kwa kawaida hutegemea glukosi, wala hausubiri insulini.
* Seli nyekundu za damu hazina mitokondria, hivyo hutumia glukosi tu.
* Moyo hutumia zaidi asidi za mafuta.
* Misuli ina glikojeni nyingi, ila haiwezi kuirudisha katika damu kama glukosi. Mvuvi anayevuta wavu huitumia papo hapo.
* Ini hutoa glukosi kwa ajili ya tishu nyingine.

## Wakati wa kufunga

Mtu anapofunga, kwa mfano katika Ramadhani, insulini hupungua na glukagoni huongezeka. Ini huvunja glikojeni yake, ambayo hudumu kwa takriban siku moja, tena hutengeneza glukosi kutokana na laktati, gliseroli na asidi amino. Njaa ikiendelea kwa siku kadhaa, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni. Ubongo huzitumia, na hivyo protini za misuli huokolewa.

## Umuhimu kwa afya

Katika malaria kali, glukosi ya damu inaweza kushuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita. Mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu, kwa kuwa ubongo umekosa chakula chake. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa sukari pamoja na vimelea.

Katika kisukari cha aina ya 1 insulini hukosekana. Glukosi hujaa katika damu huku misuli ikiikosa; ketoni huzidi na damu huwa na asidi. Bila insulini mgonjwa hufa.