Leseni Ikishafungwa: Safari ya Kosa Moja Kutoka London Hadi Masinga

Pale Kangonde, ambapo barabara ya Thika–Garissa inachepuka kuelekea Masinga na Embu, trafiki akisimamisha gari huanza na leseni. Aliyeisahau nyumbani ana kosa dogo. Aliyechelewa kuilipia upya naye vilevile: kanuni za makosa madogo za 2016 zimeyapa yote mawili faini ya Sh1,000. Lakini yuko dereva wa tatu, yule ambaye mahakama ilishamwambia asiguse usukani na bado yuko barabarani. Huyo ana kesi nyingine kabisa, na historia yake ni ndefu kuliko ya lami ya barabara hiyo yenyewe.

Chanzo chake ni Uingereza. Sheria ya Magari ya 1903, iliyoanza kutumika Januari 1904, ilimtaka kila dereva alipe shilingi 5 apewe leseni. Hakuna aliyeulizwa kama anajua kuendesha. Mtu angeweza kushangaa leseni ya namna hiyo ilikuwa ya nini, na jibu langu ni hili: serikali ilitaka kuwe na kitu cha kunyang'anywa. Hakimu alipewa uwezo wa kumfungia dereva mkorofi, na aliyefungiwa akaambiwa kwamba kuomba leseni nyingine nako ni kosa. Mwaka 1930 Bunge likakaza kamba. Aliyeendesha akiwa amefungiwa alikabiliwa na kifungo cha hadi miezi 6, na faini, isiyozidi pauni 50, ilikubaliwa tu hakimu akiona hali ya kesi ni ya kipekee. Mtihani wa udereva ulikuja kuwa wa lazima Juni 1935. Jela ilitangulia shule.

Fikra hiyo ilivuka bahari pamoja na vitabu vya sheria. Kenya ilipopata Sheria ya Trafiki inayotumika hadi leo, Sura ya 403, ilikuwa Januari 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Mwafrika alikuwa ameshazoea kusimamishwa njiani na kuulizwa karatasi: tangu 1920 hivi wanaume walitembea na kipande shingoni, na kukikosa kulikuwa kosa la jinai. Ukambani kulikuwa na vijana wengi waliojifunza kuendesha malori jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakarudi na ufundi uliolipa kuliko kibarua cha shamba. Kumfungia leseni mtu wa namna hiyo kulikuwa sawa na kumnyang'anya mkulima jembe msimu wa mvua. Ndiyo maana adhabu iliuma, na ndiyo maana ilivunjwa.

Kuivunja hakukuwa kazi ngumu. Leseni ya Kenya ilikuwa kijitabu chekundu, kurasa zake zikibandikwa vikaratasi vya malipo kimoja juu ya kingine hadi kinavimba. Kumbukumbu ya hukumu ikawa inatembea mfukoni mwa mhukumiwa mwenyewe, na askari wa kizuizi cha barabarani hakuwa na njia ya kujua zaidi ya alichoonyeshwa. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981 na barabara za huku zikapata pilkapilka mpya, mambo yalikuwa hivyo. Matatu nazo zilikuwa zimefunguliwa njia na Rais Kenyatta mwaka 1973. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki za Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na sare. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) iliundwa kwa sheria ya 2012, na leseni yenye chipu ikaanza kutolewa 2017. Hapo ndipo kumbukumbu ilipoanza kutoka mfukoni.

Sheria yenyewe haina mzaha. Aliyepatikana na hatia ya kuendesha akiwa mlevi hufungiwa miezi 12, mbali na faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Aliyesababisha kifo kwa uendeshaji hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake hufutwa kwa miaka 3. Tazama hesabu yake: miaka hiyo 3 huanza siku ya hukumu au siku ya kutoka gerezani, ipi itakayochelewa. Jela hailipii hata siku moja ya kufungiwa. Akitoka na kupanda gari kabla ya muda kwisha, ametenda kosa jipya, hata akiendesha kwa adabu zote.

Hapo naona sheria iko sawa, kwa sharti moja: kufungiwa kutokane na hatari barabarani. Nchini Marekani ilikuwa desturi katika majimbo mengi kumfungia mtu leseni kwa sababu ameshindwa kulipa faini, akaendesha ili aende kazini, akakamatwa, deni likazidi. California iliacha mtindo huo mwaka 2017. Sisi tusiuige.

Udhaifu wetu uko kwingine. Dereva aliyefungiwa hugeuka skwodi, yaani dereva wa kushikilia matatu, wa siku mbili tatu, au hupewa Probox ya muguka alfajiri, na mwenye gari haulizi. Mwenye gari huyo ajue kwamba bima nyingi humtaka dereva asiwe amefungiwa kuwa na leseni. Gari likianguka, hasara huenda ikabaki kwake.

Nawe dereva, ukihukumiwa katika mahakama ya Kithimani na ukaona umeonewa, usirudi barabarani kwa hasira. Una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu ya Machakos, na hesabu huanza siku ya hukumu.