Miswada ya Muyaka na Maandalizi ya Mtafiti

Mtafiti anayetaka kuzisoma tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa katika miswada ya karne ya 19 hana budi kuielekea London. Jambo hili lina uchungu wake kwetu sisi tunaoifundisha lugha hii, lakini lina historia pia. Historia hiyo ndiyo inayopasa kujulikana kwanza kabla ya mtu kuingia katika maktaba ya chuo cha SOAS.

Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa Wamvita, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, akayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor, ambaye mkusanyo wake wa methali za Waswahili ulichapishwa 1891. Taylor alipofariki 1927, karatasi zake zilipitia mikononi mwa William Hichens, mhariri wa *Diwani ya Muyaka* iliyotoka Johannesburg mwaka 1940, na hatimaye zikatua katika maktaba hiyo ya London.

Kutokana na safari hiyo, anayetafuta jina la mshairi peke yake katika orodha za maktaba huenda akaambulia machache. Miswada imepangwa kwa majina ya waliokuwa nayo mwisho: Taylor, Hichens, Alice Werner, Jan Knappert. Sikujua, aliyeifanya kazi yenyewe, hana fungu lenye jina lake. Kwa hiyo mtafiti na ajitayarishie nasaba ya kila mswada, nani aliunakili, nani aliupokea, akiwa bado nyumbani.

Maandalizi yaliyo mazito zaidi ni ya hati zenyewe. Katika maandishi ya kale, kasra ilisimamia *i* na *e*, na dhuma ikasimamia *u* na *o*. Herufi *ba* iliweza kusomwa *b*, *p* au *mb*, hivi kwamba neno moja lililoandikwa laweza kuwa *bata*, *pata* au *mbata*. Aliyegeuza mashairi haya kuwa ya herufi za Kirumi alilazimika kuchagua kila mara, na uchaguzi wake ndio tuusomao leo kana kwamba ni kauli ya Muyaka mwenyewe. Hapa ndipo penye faida ya safari: kuuhakiki uchaguzi huo. Lakini asiyezoea hati hizo atazimaliza wiki zake chache, na nauli aliyoitafuta kwa taabu, akijifunza kusoma.

Basi kwanza asome toleo la 1940 pamoja na kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz cha 1979, aorodheshe mistari yenye utata, kisha aende Mombasa. Wapo wazee wa Kimvita watakaomfumbulia neno kwa kulisikia tu, na mkutubi wa Ulaya, ajapokuwa mkarimu, hawezi kumfanyia hivyo. Aidha apite Dar es Salaam, kwenye miswada iliyoorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1970. Siku hizi baadhi ya miswada ya London imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Ni upotevu kuvuka bahari kwenda kutazama kilichoweza kutazamwa Nairobi.

Tarehe nazo zina hila. Mwaka wa Hijria haulingani na wa Miladi: 1141, kwa mfano, ulianza Agosti 1728 ukaingia 1729. Pasipo mwezi, mwandishi mwaminifu hutaja miaka yote miwili.

Yaliyobaki ni madogo. Aandike barua mapema, ataje namba za miswada anayoihitaji, na achukue penseli, kwani wino hauruhusiwi karibu na hati. Aulize pia masharti ya kupiga picha, ili nakala zirudi naye na kuwekwa mahali ambapo wanafunzi wa Pwani wataweza kuzifikia.