Rubani wa jicho moja na cheti cha daktari

Mwaka 1926, kipande cha chuma kilimpiga Wiley Post jichoni akiwa kazini kwenye visima vya mafuta huko Oklahoma, Marekani. Jicho la kushoto likapotea. Fidia aliyolipwa akainunulia ndege yake ya kwanza.

Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapa marubani leseni. Dkt. Louis Bauer, aliyetoka jeshini, aliweka viwango vya afya, na mwaka 1927 madaktari 57 wakateuliwa kuwapima marubani. Msingi wa viwango hivyo ulikuwa uzoefu wa Vita Kuu ya Kwanza, ambapo jeshi lilipima macho, masikio na moyo, na hata kumzungusha mwombaji kwenye kiti ili kuona kama atapepesuka.

Kwa vipimo hivyo Post alikuwa amekwisha. Hata hivyo, kanuni ziliacha mwanya: aliyekosa kiungo aliweza kuthibitisha uwezo wake kwa kuruka. Post akapata leseni, na mwaka 1933 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege peke yake, kwa siku 7, saa 18 na dakika 49.

Baadaye vyeti vya afya viligawanywa madaraja matatu, la mwisho likiwa la wanaoruka kwa kujifurahisha. Marubani wa puto na wa ndege zisizo na injini hawakudaiwa cheti.

Mwaka 2004 mlango ukafunguliwa zaidi. Mwenye kurusha ndege ya viti viwili, isiyozidi takriban kilo 600, aliruhusiwa kutumia leseni yake ya udereva badala ya cheti cha afya. Lakini aliyewahi kuomba cheti akanyimwa hakufaidika. Asiyeomba kabisa alipita. Mtu akihisi moyo hauko sawa, akawa na sababu ya kumkwepa daktari wa anga, asije akanyimwa cheti na kupoteza pia njia ya leseni ya udereva.

Seneta Jim Inhofe, naye rubani, alikuwa miongoni mwa walioshinikiza mageuzi. Sheria ilitiwa saini Julai 2016, na utaratibu mpya ukaanza Mei 2017: aliyewahi kuwa na cheti tangu katikati ya Julai 2006 apimwe na daktari yeyote mwenye leseni kila baada ya miaka minne, na asome somo la afya mtandaoni kila baada ya miwili. Uingereza nayo, mwaka 2016, iliwaruhusu marubani wengi wa burudani kujaza tamko la afya wenyewe.

Wapinzani walikuwa na hoja nzito. Moyo wa rubani ukisimama angani, abiria hana wa kumwokoa, na aliye chini hakuombwa ridhaa. Hata hivyo, mamlaka ya anga ya Marekani ilipolinganisha makundi mawili, haikuona tofauti ya hatari ya ajali kati ya wenye cheti cha zamani na waliofuata utaratibu mpya.

Wajibu mmoja haukuondolewa na mageuzi yoyote: rubani anayejua kwamba ni mgonjwa haruhusiwi kuruka, hata kama cheti chake bado hakijaisha. Kanuni nzuri, basi, ni ile inayomfanya aende kwa daktari mapema na kusema kweli. Ile ya 2004 ilimlipa aliyenyamaza.